Alikoelekezwa Babu Seif

Niliondoka Tanga kwa sababu ya swali moja la simu ambalo hakuna aliyetaka kulijibu. Wenzangu wa darasa la Jumamosi mnaijua habari hii nusunusu, na najua mmeshaiongezea chumvi, kwa hiyo naiandika yote.

Kwa msomaji asiyetujua: darasa letu ni la akina mama watu wazima. Tunakutana kila Jumamosi baada ya Alasiri, tunasoma historia ya Waarabu na ya Uislamu, nchi baada ya nchi. Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia. Nilipewa kuliongoza kwa kuwa nina ramani kubwa na nina mdomo. Tulishapita Yemen na wasafiri wake wa Hadhramaut, tukapita Maghribi na Andalusia, tukabishana juu ya Misri mpaka adhana ikatukuta. Tulitaka kuelewa kwamba Mwarabu si mmoja, na kwamba Waislamu wa Fesi, wa Sanaa na wa Ujiji wana kitabu kimoja na desturi mia. Tulipofika Oman, Bi Salma, mshonaji wa mabuibui, alinyamaza. Jambo hilo lilinishangaza, maana yeye ndiye peke yake aliyewahi kuishi Maskati, akifanya kazi za ndani kwa miaka mingi, na babu yake mzaa baba alikuwa Mwarabu wa hukohuko.

Baada ya darasa alinieleza. Babu yake, Seif, aliishia Butiama, mkoani Mara, akiuza chumvi na kaniki. Alioa Mzanaki, akafia huko, akazikwa katika mji wa wakwe zake. Wakwe ni Wakatoliki. Sasa wajukuu wa huko walikuwa wanajengea makaburi yote ya ukoo kwa saruji, na shangazi yake Salma, Bibi Nyakaho, alikuwa amepiga simu kuuliza: huyu babu yenu tumuwekee msalaba kama wenzake, au tumuache?

Salma alimpigia kaka yake Nassor, ambaye ni mwadhini Musoma, na Nassor akajibu kwamba waweke wanachotaka, hata wakitaka wamjengee mnara. Kisha akakata simu. Kumbe kwa Nassor babu huyo hatajwi. Tangu ujana wake aliamini kwamba Seif aliiacha dini kabla ya kufa, na kila khitma inaposomwa nyumbani kwake majina ya marehemu wote husomwa isipokuwa lile moja. Salma alilia akinieleza. Hakutaka babu yake alale chini ya alama isiyo yake, na hakutaka pia kuwaambia ndugu zake wamnyime msalaba mtu ambaye pengine aliutaka mwenyewe. Fundi alikuwa ameahidi kusubiri mpaka wiki ifuatayo, halafu alikuwa na kazi nyingine Tarime. Akaniomba twende wote, kwa sababu mimi ni mwalimu na kaka yake huwaheshimu walimu. Nikasema twende.

Njiani hakukuwa na cha ajabu isipokuwa urefu wake. Tulilala Singida, tukalala Mwanza kwa binamu yangu, na kote huko redio ya basi ilihubiri, ikaimba, ikatangaza dawa ya mgongo. Mimi sipendi kelele na nilimwambia kondakta hivyo. Akapunguza kidogo, halafu tulipofika stendi iliyofuata akasahau. Salma alikuwa kimya dirishani. Baada ya Lamadi, upande mmoja unaona mbuga na upande mwingine unahisi ziwa hata kabla hujaliona, hewa inabadilika. Hapo ndipo alipoanza kuzungumza. Alizaliwa Musoma, akaolewa Tanga akiwa msichana, na Butiama alifika mara moja tu, akiwa mdogo wa kubebwa.

Bunda tulishuka mchana. Ni mji wa barabarani, pamba na mabasi, na msimu ule marobota ya pamba yalikuwa yamepangwa kando ya ghala mpaka juu. Tulipokewa na Maalim Hamisi, Mkerewe kwa baba, ambaye zamani alinunua pamba vijijini na sasa anafundisha watoto Kurani. Mkewe anatoka Guta, na mezani aliweka sato wa kuchemsha na ugali wa muhogo mweusi, mtamu, ambao sisi watu wa pwani tunaukimbia kwa rangi yake tu. Nilikula mpaka Salma akaniangalia.

Jioni tulikwenda msikitini. Nimesoma mengi juu ya njia za Uislamu, lakini pale Bunda niliziona zimekaa kwenye jamvi. Kwa mlango wa wanawake alikuwepo mama mwenye asili ya Kimanyema, ambaye wazee wake walivuka kutoka Kongo. Kando yake alikaa Msukuma aliyesilimu kwa ndoa, na nyuma yake Msomali mwenye duka la vipuri vya malori. Mama mwingine aliniambia mzee wake alikuwa Mhadhrami, na kwamba wao nyumbani husoma maulidi kwa matari. Yule Msukuma akacheka, akasema kwao matari ni ya ngoma tu, yeye maulidi huyasikiliza bila kutikisika. Waliongea hayo bila kugombana, huku wakimsubiri imamu.

Baada ya chakula cha usiku Salma alimweleza Maalim shida yetu. Maalim alisikiliza huku akichokoa meno. Akasema mambo mawili. Kwanza, hata kama tutakuta kaburi limeelekezwa vibaya, maiti wa miaka mingi hafukuliwi kwa ajili hiyo, tusije tukafika na majembe. Pili, alama.

“Kumuwekea msalaba aliyekufa Muislamu ni kumdhulumu,” alisema. “Na aliyekufa Mkristo ukimwondolea wake, hiyo nayo ni dhuluma. Kwa hiyo mkajue kwanza. Msiende na jibu mfukoni.”

Niliona aibu kidogo, maana jibu nilikuwa nalo mfukoni tangu Tanga. Nilikuwa nimeshaamua kwamba Mwarabu wa Oman haachi dini yake, basi. Hilo ndilo kosa letu watu wa vitabu: tunamjua mtu kwa kabila lake kabla hatujamuuliza.

Asubuhi tulipanda gari kwenda Musoma. Mji ule umekaa kama ulimi ndani ya ziwa, na mawe yake makubwa yamebebana juu ya vilima kwa namna ambayo ungedhani yataanguka kesho. Nyumba ya Mzee Nassor iko karibu na soko la Mwigobero, na harufu ya dagaa inaingia mpaka sebuleni. Yeye ni mrefu, mweusi, pua ndefu ya Kiarabu, sauti nzito. Alitupokea vizuri sana. Mkewe, Mama Zena, alituandalia kahawa na halua aliyoisonga mwenyewe kwa wanga wa muhogo, kwa sababu, alisema, ya Zanzibar ikifika huku imeshakuwa jiwe.

Nassor alijua tulichokuja kufanya na hakutaka kuanza yeye. Tuliongea habari za ziwa, za samaki kupungua, za vijana wasiotaka kujifunza kuadhini. Mwisho Salma akasema, “Kaka, niambie tu kwa nini. Sijawahi kukuuliza.”

Akamweleza, na mimi nikasikia. Baba yao, Juma, aliletwa Musoma akiwa kijana baada ya Seif kufariki, akalelewa na mfanyabiashara Muislamu wa Kimanyema, akamwoa binti yake. Juma hakukaa sana duniani. Nassor alikua kwa wajomba, na wajomba walikuwa watu wa dini kwelikweli, walioshika madhehebu ya Shafii kama tulivyoshika sisi. Wao walimwambia habari za Mwarabu wa Butiama. Kwamba aliishi peke yake miongoni mwa watu wasio Waislamu, bila msikiti, bila mwenzake. Kwamba aliyewahi kumwona akiswali alimwona amesimama mikono inaning’inia, kama mtu aliyesahau inapowekwa. Watu mjini walicheka. Nassor alipokuwa kijana, watoto wenzake wa madrasa walimwambia babu yake alikuwa Mwarabu wa jina. Akapanda baiskeli kwenda Butiama kuona kaburi kwa macho yake.

“Makaburi ya pale yote yamelala namna moja,” alisema. “Kichwa machweo, miguu macheo, au kinyume chake, lakini kwa mstari huo. Na ya kwetu huku pia, kwa kuwa Kibla chetu ni kaskazini, nayo hulala mstari huohuo. La babu limekaa mkingamo. Limekata njia. Si la Kiislamu, si la Kikristo. Walimchimbia shimo wakamtia kama mzigo. Nikajua mtu anayezikwa vile hakuwa na dini, la sivyo waliomzika wangeuliza. Nikageuza baiskeli. Sijarudi tena.”

Alisema hayo bila hasira. Nadhani hasira ilikuwa imeshaisha zamani, ikabaki aibu, na aibu hukaa sana kwa mtu ambaye kazi yake ni kuwaita wengine kwenye swala.

Habari ya mikono niliweza kuijibu. Nilimweleza kwamba Waarabu wengi wa Oman ni wa madhehebu ya Ibadhi, na Ibadhi huswali mikono ikiwa chini, pembeni, si kifuani kama sisi. Hata Wamaliki wengi wa Maghribi hufanya hivyo. Alichokiona yule aliyecheka hakikuwa kusahau, ilikuwa swala kamili ya mtu aliyefundishwa na mama yake. Mama Zena alisimama kuongeza kahawa ambayo haikuwa imeisha. Halafu Nassor akasema, “Mikono nimekubali, Mwalimu. Nakushukuru. Na kaburi?”

Nilifungua mdomo nikaufunga, jambo ambalo wanafunzi wangu wa zamani wangelipa kiingilio kuliona.

Kesho yake tulikodi gari la jirani yao. Nassor alikuwa amesema haendi. Tulipotoka tulimkuta ameketi kiti cha mbele, kofia kichwani, amefunga mkanda. Akasema anatusindikiza tu ili dereva asitupunje, na kwamba makaburini hatafika. Salma alitaka kusema neno, nikamfinya.

Kutoka Musoma unarudi njia ya Bunda mpaka Makutano, kisha unaingia njia ya Butiama, katikati ya mashamba ya mtama na mihogo, na mawe tena, kila mahali mawe. Butiama ni kijani na baridi kidogo kuliko ziwani. Tulipita njia ya Mwitongo, kwenye makumbusho ya Baba wa Taifa, ambako basi la wageni wa shule lilikuwa limesimama na watoto wamejipanga kwa kaptura za bluu, tukaendelea mbele kidogo, mpaka mji wa kina Nyakaho: nyumba tatu za bati, zizi, na makaburi nyuma ya migomba. Msalaba mmoja wa saruji, mbichi bado, ulikuwa umeegemezwa ukutani. Mingine ilikuwa imeshasimamishwa. Fundi alikuwa ameketi juu ya ndoo akila muhogo.

Bibi Nyakaho ni binti wa kaka yake mke wa Seif, kwa hiyo ni shangazi wa kina Salma hasa. Ni mwembamba, amefunga khanga mbili, rozari shingoni. Salma alipiga magoti kumwamkia na bibi akamshika uso kwa mikono miwili, akamtazama pua, akacheka. Tuliletewa maziwa ya mgando na viazi. Nassor alibaki garini na mlango wazi. Bibi alimwona, akamtuma mkwe wake ampelekee bakuli lake hukohuko.

Baada ya kula tulikwenda makaburini, sisi watatu na fundi. Ni kweli alivyosema Nassor. Makaburi yote yamelala mstari mmoja na lile moja limekaa mkingamo, jiwe la kichwani likiwa upande wa kaskazini. Lilikuwa limepaliliwa vizuri, halina jani. Mimi nilisimama pale nikiwa na elimu yangu yote, na kitu pekee kilichonijia ni kwamba safari hii itaisha vibaya.

Salma akamuuliza shangazi yake nani alimzika babu na kwa nini walimlaza vile. Aliuliza kwa upole.

“Baba yangu ndiye alichimba hii kaburi,” alisema Bibi Nyakaho. “Mimi nilikuwa kadogo, ila alikuwaga anatusimuliaga. Mwarabu alikufa masika, mvua hiyo, mto umejaa, wa kwenda Musoma kuita Waislamu wenzake hakuna. Baba alikaa nje akaanza kukumbuka maneno yake. Maana walikuwa marafiki hao, jioni wanakaa. Mwarabu alikuwa anamwambia, kwetu sisi tukiomba tunaangaliaga jua linakozama, na mtu akifa tunamlaza kwa ubavu wa kulia, uso anaangalia hukohuko jua linakozama. Basi baba akamlaza hivyo. Kwa nguo nyeupe tu. Sanduku hapana, alikuwa amekataa sanduku.”

Salma alishika mkono wangu. “Maskati,” alisema. “Mwalimu, Maskati tuliswali Alasiri jua likiwa machoni. Nilikuwa nafumba macho kwa mwanga. Makka iko magharibi yao.”

Nilipiga ramani kichwani na nikaona haya tena, lakini haya ya furaha. Kila Jumamosi nimeiweka ile ramani mbele yenu, nikapitisha kidole kutoka Oman mpaka Makka, mstari mnyoofu kuelekea machweo, na sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuusafirisha mstari ule mpaka Butiama. Lakini bado kitu kimoja kilinisumbua, na nilikisema. Seif alipoishi hapa, lazima aliswali akielekea kaskazini, kama Waislamu wote wa huku. Baba yake Bibi hakumwona?

“Alimwona,” alisema Bibi. “Alikuwa anaelekea kule, Musoma kule na zaidi. Hata wazee walimuuliza baba siku hiyo, mbona unamgeuza? Baba akawaambia, akiwa hai alielekea kule sababu alikuwa mgeni huku. Sasa amekufa, si anaenda kwao? Alazwe wanavyolalaga kwao.”

Fundi aliacha kutafuna. Mtu asiyejua herufi moja ya dini ile alikuwa ameketi mvuani, akayakusanya maneno ya rafiki yake, akayafuata yote, ubavu wa kulia, nguo nyeupe, uso machweoni, akabishana na wazee wa ukoo kwa ajili yake. Alikosea upande tu, na alikosea kwa kumjali.

Nyuma yetu mtu akakohoa. Nassor alikuwa amesimama kando ya migomba, bakuli la maziwa bado mkononi. Sijui alifika saa ngapi, lakini uso wake ulionyesha kwamba alisikia. Bibi Nyakaho alimgeukia kana kwamba alikuwa akimsubiri.

“Usituone hatumkumbuki babu yako,” alimwambia. “Mwezi wa Novemba wa marehemu wote tunakujaga hapa, tunafagia, tunasali kwa kila mmoja. Tukifika kwake tunageukaga wote tunaangalia jua linakozama, ndio tunasali. Baba alisema yeye aombewe hivyo. Mpaka leo, hata watoto wanajua.”

Nassor aliweka bakuli chini taratibu. Alivua kofia, akaivaa tena. Halafu alisema, “Shangazi, miaka yote hii nyinyi mlimwombea. Mimi sikumwombea hata siku moja.”

Bibi alisema, “Sasa umekuja.”

Nassor alilia, mtu mzima, bila kuficha, na Salma akamshika bega. Fundi alijifanya anapima kaburi kwa kamba. Mimi nililia pia, msije mkasema nilificha.

Alipotulia alitaka kusoma dua. Akasimama upande wa miguuni, akaelekea kaskazini, kisha akasita, akatuuliza kama kuna anayejua jina la mama yake Seif. Alimweleza shangazi yake kwamba walivyofundishwa wao, anayeombewa hutajwa kwa jina lake na la mama yake. Bibi Nyakaho alifikiri, akatikisa kichwa. Seif alikuwa akiwataja kwao wengi, lakini mama hakumtaja. Alikuwa akinyamaza akifika hapo.

“Basi asipojulikana tunasema mwana wa Hawa,” alisema Nassor.

“Hawa wa Adamu?”

“Huyohuyo.”

“Huyo ni mama yetu na sisi,” alisema Bibi Nyakaho, akashika rozari yake. “Sema tu.”

Akasema. Sauti yake ilitulia kadiri alivyoendelea, ile sauti ambayo kwa miaka imewaamsha watu wa Mwigobero. Tulipomaliza, fundi aliuliza kwa adabu swali lake la siku nyingi. Nassor alimwambia babu hatawekewa msalaba, alikufa Muislamu, na kaburi lijengewe chini tu, karibu na usawa wa ardhi, jiwe lake la kichwani libaki lilelile. Fundi akauliza tena kama ligeuzwe, likae sawa na mengine, maana kazi ya mstari mmoja inapendeza zaidi. Nassor alinitazama mimi, nami nikakumbuka neno la Maalim wa Bunda kwamba asifukuliwe. Lakini Nassor hakungoja nimwambie. Alisema liachwe lilivyo. Bibi Nyakaho naye akauliza, kwa sauti ya chini, kama Novemba wageukie kaskazini, sasa kwa kuwa wameambiwa.

“Hapana, Shangazi,” alisema Nassor. “Nyinyi ombeni mlivyofundishwa na baba yenu.”

Tulirudi Musoma jioni. Kwa siku zilizobaki nilizunguka mjini na Mama Zena, nikiwauliza watu wazee wao walitokea wapi. Nilikutana na mjukuu wa Mbaluchi aliyekuwa akitengeneza bunduki na sasa familia inatengeneza majiko, na nikala sambusa kwa mama ambaye nyumbani kwao bado wanasema maneno machache ya Kinubi. Kila mmoja alikuwa na desturi moja ambayo majirani walidhani ni kosa. Mmoja hali furu kwa sababu babu yake alisema samaki mdogo namna ile hana jina katika vitabu. Mwingine huanika nguo za Idi upande wa mashariki na hajui kwa nini. Zamani ningewasahihisha. Safari hii niliandika tu, na nitawaletea darasani yote, maana nimeona kwamba historia tuliyokuwa tukiitafuta Maghribi na Andalusia imekuja pia kukaa Mara, katika nyumba za bati, mara nyingine imegeuka kidogo kwa kubebwa na watu waliokuwa hawaijui lakini waliwapenda wenye nayo.

Ijumaa kabla ya kuondoka, Nassor alisomesha khitma. Alialika majirani, na aliagiza gari kwenda kumchukua shangazi yake, ambaye alifika na jogoo wawili na kibuyu cha samli, amevaa khanga mpya, rozari imeingia ndani ya nguo kwa heshima ya wenyeji. Alikaa na sisi wanawake chumba cha ndani, nyuma ya pazia, miguu ameikunja vizuri kuliko mimi. Kurani ilisomwa, ikafika zamu ya majina. Nassor kwa kawaida huanza na wajomba waliomlea. Safari hii sauti yake upande wa wanaume ilianza na Seif, mwana wa Hawa. Majirani kadhaa wakageuziana nyuso. Na kabla Nassor hajavuta pumzi, kabla sisi wenye dini yetu hatujafungua midomo, Bibi Nyakaho aliitikia “Amina” kwa sauti kubwa mpaka uwani.